Kofia Nyeupe

Miwani chujio ilianza kazi kabla Nyamizi hajakaa vizuri kwenye kiti chake cha mwokoaji. Bwawa la shule lilikuwa na watoto arobaini, kelele tupu. Mara watoto thelathini na sita wakafifia, wakabaki kama moshi juu ya maji. Wanne wenye kofia za njano wakang'aa. Hao ndio wasiojua kuogelea, ndio wa kuchungwa. Wenye kofia nyeupe walijua, na miwani iliwaita vizubaishi, yaani wa kuvuta jicho bure. Kizubaishi akimsogelea mtoto wa njano, miwani ilizidi kumfuta, jicho lisije likawachanganya.

Haikuwa mchezo, miwani ile. Nyamizi aliipenda.

"Dada, wanne wote wapo?" aliuliza mhandisi Kisenge, aliyekuja kuijaribu kwa mara ya mwisho.

"Wote, mhandisi. Wametulia."

Ghafla Tabu, mmoja wa wale wa njano, akapiga mayowe. Alikuwa ameshikilia ukingo, salama kabisa, akinyoosha kidole kwenye maji matupu.

"Shangazi Nyamizi! Lugendo! Lugendo!"

Nyamizi alitazama. Maji tu. Sasa mtoto analilia nini? Akaivua miwani.

Mama yangu! Kofia nyeupe, hatua mbili kutoka kwa Tabu, inazama.

Alijitosa na nguo zake. Alimtoa Lugendo akiwa amelegea, akambonyeza kifua, akampulizia pumzi. "Rudi, baba! Rudi!" Mtoto akatapika maji, akalia. Nyamizi naye akalia, kisha akamgeukia Kisenge.

"Mmenipofusha! Alikuwa mbele ya macho yangu! Nani aliifundisha ujinga huu?"

Kisenge aliiokota miwani. "Hatukubuni sisi, dada. Tulipima macho yako, ile miezi uliyofanya kazi bila miwani. Jicho likimfuata mmoja, linamzima wa jirani. La kila mtu liko hivyo. Sisi tuliongeza nguvu tu."

Nyamizi aliketi kwenye sakafu iliyolowa. Miaka kumi iliyopita, Shija wa darasa la nne alizama humu humu, hatua mbili kutoka kwa mtoto ambaye Nyamizi alikuwa akimchunga. Watu walisema mwokoaji alisinzia, naye akaishia kuamini.

"Sikusinzia," alisema. Kisenge hakuelewa.

Akapuliza filimbi, akawatoa wote majini, akawahesabu kwa kuwagusa vichwa mmoja mmoja, akianza na kofia nyeupe.