Mtu wa Kamba

Ukiwauliza watu wa Masumbwe habari za Boaz wa gemu, wengi watakuambia amechanganyikiwa. Waache na maneno yao. Mimi nimepanga nyumba ya pili kutoka kwao, na haya mengi nimeyasikia kwa mama yake mwenyewe, Mama Mageni, mwanamke asiyejua kuongeza chumvi hata kwenye mboga.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano kama Jumatano nyingine. Jua limekaa utosini, bati linalia, na kibandani kwa Boaz, anapochezesha gemu, watu wanacheka mpaka nje. Mashine yake ilikuwa ile ya zamani, nyeusi, nene, inayokula diski, ambayo wenzake wa Shinyanga mjini walishaitupa stoo miaka kumi iliyopita. Gemu lenyewe la mpira lilikuwa la kale vilevile. Wachezaji nyuso zimebapa, macho yamechorwa tu, hata kupepesa hayapepesi.

Lakini Boaz alikuwa fundi. Huko mtandaoni kuna watu, Wabrazili, Waindonesia, watu wazima na vitambi vyao, ambao hawataki kuachana na magemu ya utotoni. Wanayafungua, wanabadilisha jezi, nyuso na viwanja, halafu wanagawiana bure. Kazi hiyo wanaiita modi. Boaz alijifunza kwao kwa Kiingereza cha kubahatisha, akang'oa timu zote za Ulaya, akaweka za kwetu. Wauza Dagaa wa Buseresere. Bodaboda wa Masumbwe. Pamba ya Shinyanga. Uwanja aliouweka ni wa kwetu hapa, mpaka na ng'ombe wanaokatiza nyuma ya goli. Na mtangazaji ni yeye mwenyewe, na lafudhi yake ya Kisukuma isiyofichika, anamtaja kila mchezaji kwa jina mpira unapomfikia. Watu walikuwa wanatoka Runzewe kuja kucheka tu.

Timu aliyoitengeneza mwisho aliiita Wana Maduara. Namba nane wake ni Mageni.

Mageni alikuwa kaka yake wa kuzaliwa naye. Ndiye aliyemnunulia mashine ile kwa dhahabu yake ya kwanza, na ndiye aliyemfundisha kucheza, ingawa karasha la kusagia mawe lilishamla kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kwa vidole vinne alikuwa anakufunga magoli matano, kisha anakupa pole. Mwaka jana, mwezi wa tatu, saa tisa alasiri, duara, shimo lao la kuchimbia dhahabu, lilimfukia. Mtu wa kamba siku hiyo alikuwa Boaz.

Usiyejua machimbo nikueleze. Anayeshuka duarani amefungwa kamba kiunoni, na juu anabaki mtu mmoja ameishika. Kule chini ukipiga kelele hausikiki, kwa hiyo wanaongea kwa kamba. Mtikiso mmoja, simama. Miwili, shusha. Mitatu mifupi na mmoja mrefu, nitoe. Mtu wa kamba hali, hasinzii, hashiki kitu kingine. Ameshika roho ya mwenzake.

Walichimba siku tisa na mwili haukupatikana. Wazee wakafanya kama inavyofanyika, wakakata shina la mgomba, wakalivika sanda, wakalizika. Baba mdogo Donatus akasema pale kaburini, "Tumemzika. Kuanzia leo asiitwe tena kana kwamba yupo. Aliyezikwa kwa mgomba hana mwili wa kumshikilia huko aliko. Ukimwita, anakuja."

Tangu msiba ule, kila siku wakikaa kula, mama yao alikuwa na swali moja.

"Boaz mwanangu, kamba haikutikisika?"

"Haikutikisika, mayu."

Basi mama anashusha pumzi, anamega ugali. Kama kamba haikutikisika, maana yake mwanawe alikwenda ghafla, hakuteseka, hakuita mtu. Mama wa watu alikuwa anaishi kwa jibu hilo. Na jibu hilo lilikuwa uongo. Boaz alijua kwamba siku mama akiujua ukweli, atakuwa amezika watoto wawili.

Sasa sikia alichokifanya, na sijui tukiite mapenzi au majuto. Alichukua picha ya Mageni, ileile iliyowekwa msibani, akaibandika kwenye uso wa namba nane. Akatafuta ujumbe wa sauti wa zamani kwenye simu, akakata maneno mawili ya kaka yake: "Lete! Boaz, lete!" Akayaweka kwenye gemu. Kisha akakaa mbele ya simu akarekodi utangazaji: "Mageni! Mageni tena! Njoo, Mageni, njoo!" Maneno ya baba mdogo wala hayakumjia kichwani. Kwake lile lilikuwa gemu. Wiki mbili nzima, spika ya kibandani ilimwita marehemu kwa jina, mara mia kwa siku, kwa sauti ya mdogo wake.

Jumatano hiyo anayecheza ni Valerian, fundi ujenzi, aliyemwaga mwenyewe sementi ya kibanda kile. Ilipokaribia saa tisa wengine walishaondoka kwa sababu ya joto.

"We Boaz, huyu namba nane wako anaumwa?"

"Kafanyaje?"

"Hataki kukimbia. Kasimama tu."

Boaz akatazama. Wenzake wanapasiana, yeye amesimama katikati ya uwanja, amewapa mgongo. Jezi ya bluu ilikuwa imegeuka nyekundu kuanzia kiunoni kushuka chini, nyekundu ya tope. Mpira ukampita miguuni. Spika ikaita, "Njoo, Mageni, njoo!"

Akageuka. Akawatazama. Akapepesa macho.

"Faili limeharibika," Boaz akasema, akacheka kicheko ambacho Valerian hakukielewa. Akazima mashine. Akamfuta Mageni kwenye orodha ya timu. Akafuta na memori kadi yote, timu ile ilipohifadhiwa. Wana Maduara wakawa hawapo tena. Akawasha upya, akaweka Buseresere na Shinyanga, zilizo kwenye diski.

"Cheza," akamwambia Valerian. "Utaona."

Dakika ya tatu wakahesabu wachezaji wa Buseresere. Walikuwa kumi na wawili.

Mageni alikuwa palepale katikati, ana tope, na nyasi zimemfika magotini. Dakika ya tano zikamfika kiunoni. Hakuwa anatembea. Alikuwa anazama. Mikono ameiinua juu, na wenzake wanakimbia kumzunguka kama hawamwoni.

Valerian akaitupa mezani pedi ya kuchezea. "Hii pedi yako inanivuta!"

"Inatetemeka tu. Ndivyo zilivyo."

"Kutetemeka nakujua, bwana. Hii inavuta. Shika mwenyewe!"

Boaz akaishika.

Fupi. Fupi. Fupi. Kisha ndefu.

Pedi ikatulia kidogo, ikarudia. Fupi. Fupi. Fupi. Ndefu.

Hapo nikuambie kilichotokea mwaka jana, maana Boaz anasema kilimrudia chote kwa mara moja. Siku ile pale duarani kamba alikuwa ameifunga mguuni. Mikononi alikuwa na simu. Alikuwa amepata modi mpya ya nyasi, nyasi za kijani kweli, anaijaribu. Kamba ikatikisika mguuni, mitatu mifupi na mmoja mrefu. Akaisikia vizuri kabisa. Akasema kimoyomoyo, "Subiri kidogo, kaka, namalizia." Ikatikisika tena. Akasema subiri. Mara ya tatu akaweka simu chini, na alipoinama kushika kamba, ardhi ikashuka.

Umeme ukakatika. Ndiyo kawaida yetu. Skrini ikawa nyeusi, feni ikasimama, kibanda kikawa kimya.

Pedi haikunyamaza. Fupi. Fupi. Fupi. Ndefu.

"Toa waya," Valerian akanong'ona. "Boaz, toa waya!"

Boaz akauvuta waya wa pedi utoke kwenye mashine. Haukutoka. Akainama chini ya meza. Tundu la mashine lilikuwa wazi. Hakuna kilichochomekwa pale. Waya ulikuwa umepita mguu wa meza, umeshuka, umeingia kwenye sementi. Hakuna ufa. Hakuna tundu. Umeingia tu.

Mlangoni mtu akabisha hodi. Ni Mama Mageni na sahani ya ugali na dagaa, kama kawaida yake.

"Mwadila," akasalimia. Aliwaona watu wazima wawili wamepiga magoti chini ya meza, mmoja analia.

"Kuna nini humu?"

Pedi ilikuwa juu ya meza, inajigonga kwenye mbao. Mama akaweka sahani. Akaichukua ile pedi kwa mikono miwili, kitu ambacho hajawahi kukigusa maisha yake. Usisahau kwamba mama yule aliolewa na mchimbaji akazaa wachimbaji, na zamani alishashika kamba ya mumewe. Akafumba macho. Midomo yake ikawa inahesabu.

Moja. Mbili. Tatu. Kisha ndefu.

Akafumbua macho, akamtazama mwanawe.

"Boaz. Kamba haikutikisika?"

Mdomo ukafunguka kwa mazoea. Neno likagoma. Spika ilikuwa imekufa, umeme hakuna, lakini sauti ikatoka. Haikutoka ukutani kwenye spika. Ilitoka chini, miguuni mwao, nzito, ya mtu aliyejaa udongo mdomoni.

"Boaz. Lete."

"Ilitikisika, mayu!" Boaz akapiga kelele. "Ilitikisika mara tatu! Nilikuwa nachezea simu! Aliita, mayu, nikamwambia asubiri!"

Pedi ikanyamaza.

Mama hakulia. Hakumpiga. Valerian anasema afadhali mama angempiga, maana ule uso hautazamiki. Akaweka pedi mezani, akavua khanga ya begani, akajifunga kiunoni.

"Sasa unangoja nini?" akanong'ona. "Vuta."

Wakavuta. Boaz mbele, mama nyuma, Valerian wa mwisho. Waya wa pedi hauzidi mita mbili na nusu, kila mtu anajua. Zikatoka tano. Zikatoka kumi. Ukawa unatoka kwenye sementi kavu umelowa, unanuka udongo wa chini sana, ule usiojua jua. Zikafika ishirini. Thelathini. Ukaanza kuwa mzito.

Uzito wenyewe Boaz aliujua. Alishauvuta miaka minne, asubuhi na jioni.

Ukakwama. Wakavuta mpaka mikono ikachubuka damu. Haukusogea tena.

Kesho yake Valerian akaja na nyundo, akavunja sementi aliyoimwaga mwenyewe. Chini yake akakuta ardhi ngumu, kavu, ambayo haijaguswa tangu dunia iumbwe, na waya umesimama ndani yake wima. Akachimba futi sita, waya unaendelea kushuka. Akaacha nyundo palepale. Siku hizi anafanya kazi Buseresere na hataki kuulizwa.

Kibanda kimefungwa. Mashine na diski mama alizifunika kwa gunia, na humo kibandani simu haziruhusiwi. Lakini kila siku ikifika saa tisa kasoro, Boaz anafungua mlango, anakaa kwenye kigoda, anaushika waya kwa mikono miwili. Hali. Hasinzii. Hashiki kitu kingine. Anakaa mpaka jua lizame, na ndiyo maana watu wanasema amechanganyikiwa.

Mama anampelekea chakula, akile jua likizama, na swali limebadilika.

"Imetikisika?"

"Bado, mayu."

"Haya. Shika."

Alhamisi iliyopita nilikuwa naanika nguo uani. Nikamsikia mama anauliza. Nikasikia sahani imeanguka. Nikakimbia. Boaz alikuwa amesimama, mguu ameukaza ukutani, mishipa ya shingo imetoka, anavuta, na mama nyuma yake amemshika kiuno.

"Usiache," mama alikuwa anamwambia sikioni. "Safari hii usiache, mwanangu."

Waya ulitoka mita moja, ukakwama tena. Wote wawili wakaanguka kwa kuchoka. Mimi ndiye niliyeinama kuutazama ule waya mpya. Ulikuwa na tope jekundu bichi, bado lina uvuguvugu, na kwenye tope kulikuwa na alama za mkono wa kulia ulioushika kwa nguvu zote.

Nilihesabu vidole. Nikahesabu tena. Vilikuwa vinne.