Mtoto wa Kupakata

Zuhra wa Ruaruke alikuwa na mkono wa birika, na hakuona haya kuusifu. Kiberiti kimoja kwake kilikaa mwezi. Sabuni ikibaki kipande anaibandika kwenye kipande kingine. Mumewe, Gharibu, mkata mikoko, mtu mpole asiyejua kubishana, alikuwa akimwambia, "Mama Yassin, utakuja kutubania hata pumzi." Naye Zuhra hucheka. Ndiye aliyenunua bati la nyumba kwa kubana huko huko, kwa hiyo acheke tu, nani wa kumzuia?

Mwaka huo Yassin, mwanawe wa kwanza, alihitimu Msahafu. Alikuwa ameahidiwa kwamba akihitimu atapelekwa Dar es Salaam, kwenye ile bustani ya michezo ya maji, watoto wanakoteleza kutoka juu na kuangukia bwawani. Na mdogo wake, Habiba, wa miaka sita, mwenye pengo la jino la mbele, akasema yeye pia anakwenda, na asipopelekwa hali wala halali.

Haya. Kulala Dar siku za Idi ni kujitafutia presha. Gari la kukodi peke yenu, ndiyo kabisa. Zuhra akakaa siku tatu anapanga. Walale Kibiti, kwenye gesti ya bei poa, alfajiri wapande Noah ya Tamimu, ambaye sikukuu huchukua familia mbili tatu kwa kichwa. Washinde kwenye maji, warudi jioni hiyo hiyo. Mpango mzuri. Hata Gharibu aliusifu.

Basi, mkesha wa Idi Pili, jua linazama, wakashuka Kibiti. Gesti zote zimejaa. Muuza chipsi mmoja akawaelekeza kwa Bi Nasma, nyuma ya soko, mwisho wa nyumba, pale njia inapoteremka bondeni. Alipotaja bei, Zuhra alidhani amesikia vibaya.

Walimkuta Bi Nasma amekaa kizingitini. Mama mfupi, kajitanda ushungi mweusi, mkononi ana ukindu mbichi. Chetezo kinafuka miguuni pake, lakini moshi ule haukuwa wa ubani. Harufu yake ilikuwa ya tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyumba hii ina mwenyewe, mwanangu. Mimi mwangalizi tu. Nawataja kwake, nafunga fundo moja kwa kila mtu, asubuhi nafungua, mnakwenda zenu. Malipo ni kwa kichwa." Akainua uso. "Mko wangapi?"

Habiba alikuwa amelala mgongoni kwa Zuhra, kafunikwa kanga gubigubi. Mtoto wa mgongoni. Mtoto wa kupakata. Tangu lini mtoto wa kupakata akahesabiwa? Kwenye basi halipi, kwenye mtumbwi halipi, hata kwa bahili halipi.

"Watatu," Zuhra akasema.

Gharibu akashtuka. Yeye ni mtu wa mikoko. Kule, kabla shoka halijagusa mti, wakataji husimama ukingoni wakajitaja wote, mmoja mmoja, jina na jina la baba, hata mpishi, hata aliyebaki kulinda mtumbwi. Asiyetajwa haingii. Hilo halina mjadala.

"Zuhra…" akanong'ona.

Zuhra akamkanyaga kidole cha mguu. Akanyamaza. Mpaka leo Gharibu anasema hakuna ukimya anaoujutia katika maisha yake kama ule.

Bi Nasma akawauliza majina yao na ya baba zao, akafunga mafundo. "Zuhra binti Hemedy. Gharibu bin Sadala. Yassin bin Gharibu." Akageukia ndani kwenye giza la ukumbi, akasema kwa sauti ndogo, "Wageni hawa watatu ni wangu, waache. Kingine chochote kilichoingia ni chako."

Ndani, kitu kikavuta pumzi…

Au ni mlango. Zuhra alijiambia ni mlango.

Walilala chumba kimoja, godoro moja. Adhana ya alfajiri ilipolia, Zuhra akanyoosha mkono upande wa Habiba. Mkono ukagusa godoro.

La baridi.

"Habiba?"

Akapapasa mpaka ukutani.

"Habiba!"

"Mama, niko hapa."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Mtoto alikuwa amesimama kwenye pembe, ameshavaa gauni la Idi, macho makavu kabisa, mtoto ambaye nyumbani kuamshwa kwake ni ugomvi. Na chumba kizima kilinuka tope la mikoko, wakati Kibiti na mikoko ni mbali. Zuhra akahema, akamvuta, akamsuta kidogo kwa kumtia hofu. Hakuwa na muda wa kuwaza. Gari linaondoka.

Kizingitini Bi Nasma akafungua mafundo matatu. Habiba akapita mbele yake, karibu kabisa, hata gauni likamgusa goti. Bibi hakushusha macho.

"Haoni vizuri huyu bibi," Zuhra akasema njiani, na roho yake ikafurahi.

Kwa Tamimu, vile vile. "Watatu?" akauliza akiangalia kioo. "Watatu," Zuhra akajibu, na dereva hakusema hata 'na huyo je?' Zuhra akampakata mwanawe, moyoni akijipigia makofi. Walipofika Mkuranga ndipo alipotambua kwamba miguu haijamuuma. Habiba alikuwa na nyama zake. Kumpakata mpaka Mkuranga ni lazima ufe ganzi. Zuhra akatazama mapajani. Mtoto yupo, anatazama dirishani. Akamwinua kidogo kwa mkono mmoja.

Hakuwa na uzito.

"Baba Yassin," akamnong'oneza mumewe, "hebu mpakate wewe kidogo."

Gharibu akampokea. Akakaa naye kidogo tu, kisha akamrudisha. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Getini pale kwenye michezo ya maji, msichana wa tiketi akakata tiketi tatu. Gharibu hakuvumilia. "Na huyu mdogo, binti?"

"Mdogo yupi, baba?"

"Huyu hapa."

Msichana akainama juu ya dirisha, akatazama alipoonyeshwa, akamtazama Gharibu, akacheka kwa adabu. "Idi njema, baba. Anayefuata!"

Siku nyingine Zuhra angeimba. Tiketi ya bure! Lakini siku hiyo alizipokea tiketi bila hata kuhesabu chenji. Wakaingia. Yassin, maskini, alikuwa hajui lolote, akakimbilia kwenye kuteleza, kelele zake zikachanganyika na za wenziwe. Habiba akateremka kwenye bwawa la watoto wadogo. Akasimama katikati, maji ya magotini, hachezi. Watoto wakamwagiana maji kulia na kushoto kwake. Zuhra akatazama gauni.

Kavu.

Mama mmoja akaja na mwanawe begani, akamwendea Habiba moja kwa moja, hakumkwepa, akapita pale pale alipokuwa amesimama. Na Habiba akawa bado amesimama.

Hapo Zuhra akili zikamruka. Hofu ya mama haina adabu. Akaingia majini na viatu vyake, akamshika mtoto mkono, akampigia kelele mlinzi wa bwawa, "Hamumwoni? Nyote vipofu? Huyu mwanangu! Habiba binti Gharibu! Ni wangu mimi, nimemzaa mimi!"

Watu wakageuka. Mlinzi akapangusa macho. "Aa, samahani, mama. Sikumwona mtoto. Pole, mdogo wangu, jina lako zuri."

Gauni likaanza kulowa, kutoka chini kwenda juu. Mkono uliokuwa mwepesi ukawa mzito. Mtoto akamtazama Zuhra, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Meno yote.

Pengo hakuna.

"Gharibu," Zuhra akasema. "Mwanangu yuko wapi?"

Tamimu alilipwa alichotaka ili ageuze gari kabla ya adhuhuri. Safari hii alihesabu mwenyewe: "Wanne. Huyu mdogo ana kiti chake, mama Yassin, nami nimechoka kudanganywa." Zuhra akalipa bila kubisha. Kutoka Mbagala mpaka Kibiti hakuuachia ule mkono, si kwa mapenzi, bali kwa kuogopa kitakachofanyika akiuachia. Ulikuwa na joto sasa. Kidole gumba kilikuwa kikimpapasa kiganja, taratibu, kama Habiba alivyozoea kufanya akitaka kulala.

Magari yalisongamana, wakafika jua linazama. Bi Nasma yuko pale pale, kizingitini, ukindu mkononi.

"Bibi, mwanangu! Nimemwacha mwanangu ndani!"

"Ulisema watatu."

"Nilidanganya! Nilibana pesa, bibi, ni mimi, nilibana tu!"

"Nami nikamwambia kilichozidi ni chake." Bi Nasma hakuwa na hasira. Alisema kwa uchovu, na hilo lilitisha zaidi. "Akabadilisha. Alichukua wako akatoa wake. Kisichotajwa hubadilishwa na kisichotajwa, ndivyo nilivyoikuta nyumba hii, nami sijui zaidi ya hapo. Kama hamkumtaja huyo mliyekwenda naye, mwache hapa na wako atatoka. Hamkumtaja?"

Zuhra akautazama mkono aliokuwa ameushika.

"Mwanangu. Hamkumtaja?"

"Nilimtaja," Zuhra akasema. "Jina lote. Mbele za watu."

Bibi akafumba macho. "Lahaula!"

Kutoka ukumbini, mbali kuliko nyumba ile ilivyoweza kuwa ndefu, ikaja sauti imechoka kulia.

"Mama… mbona mmeniacha?"

Habiba akatokea mlangoni. Kanga ya jana, tope mpaka magotini, pengo mdomoni. Zuhra akapiga ukemi. Akataka kumrukia, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikwa, na ulishikwa kwa nguvu ambazo mtoto hana.

"Yuko hapo, bibi! Si huyo hapo!"

Bi Nasma akageuka, akatazama mlangoni. Akatazama sana.

"Mimi simwoni," akasema. "Namwona huyo uliyemshika. Jina ni moja, mwanangu, na ulishampa mwenziwe."

"Nitampa jina jingine! Sasa hivi! Jina lolote!"

"Atalijua nani? Mwite uone."

Gharibu akapiga magoti kwenye vumbi, akaita majina yote ya shangazi zake na ya mama zake, mwanamume mzima analia. Mtoto pale mlangoni hakugeuka kwa hata moja. "Mimi Habiba, baba," akasema.

Bi Nasma akachukua ukindu mpya. "Giza linaingia. Nikishawasha taa sitaweza tena. Naweza kuwataja mtoke, basi. Nitamtaja utakayeniambia. Lakini mara hii sema kweli." Akainua uso. "Mko wangapi?"

Fikirini nyie. Akisema wanne, ni yupi wa nne? Mwenye jina ndiye atakayetoka, naye anaye mkononi.

"Watano," Zuhra akasema.

"Sikusikia."

"Watano! Tuko watano! Nalipa watano!"

Bibi akafunga. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano alilifunga mara tatu, na kila alipolikaza lilikuwa likilegea lenyewe. Mwishowe akalishikilia kwa meno, akawapungia mkono waondoke. Wakaondoka. Yassin mbele anauliza kwa nini watu wanalia siku ya Idi, na Zuhra nyuma, mtoto kulia, mtoto kushoto.

Sasa nyie mnaokaa Kibiti mnamjua. Yule mwanamke wa Ruaruke anayepanda gari na kulipa nafasi tano wakati watu mnaona wanne, na ole wake atakayeweka hata kikapu kwenye kile kiti. Makonda humcheka. "Mama, hicho kiti umemkodia jini?" Huwa ameinamia kile kiti, ananong'ona jina lile lile, jina na la baba yake, safari nzima. Upande wa dirishani amekaa binti mzuri, mwenye meno mazuri, ambaye kila mtu humpa pipi.

Yassin hajawahi kumwona dada yake mwenye pengo tangu siku ile. Gharibu alikuwa akimwona magharibi tu, jua likiwa chini. Mwezi uliopita, alipoacha kumwona, alisema labda ni macho yake, akaenda kupimwa. Macho ni mazima.

Amebaki Zuhra. Anampakulia, anamwogesha, anamlaza upande wake wa ukutani, na usiku hunyoosha mkono kupapasa godoro. Mpaka sasa ni la vuguvugu.

Lakini wiki iliyopita nilikuwa kwenye gari moja na yeye. Konda akauliza, "Mama, mko wangapi?" Zamani alikuwa akijibu kabla swali halijaisha, kwa sauti ya kusikika gari zima. Safari hii alinyamaza. Akatazama kulia kwake. Akakitazama sana kile kiti… kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Watano," akasema mwishowe.

Lakini alihesabu.