Tulikwenda Kuiita Roho ya Yovana

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima nilipotoka na dada yangu Nilda kwenda chemchemini. Hatukubeba mtungi. Alibeba sweta ya mwanawe, Yovana.

Mtoto huyo alilelewa na mama yetu, Fortunata, tangu ananyonya, Nilda akitumika majumbani mwa watu huko jijini Lima. Mama alipofariki, Nilda akarudi. Yovana hakulia mazishini. Hakulia hata alipoungua na supu ya viazi. Alimtazama tu mamake, kama mtu anavyotazama ukuta.

"Roho yake imebaki mahali," majirani walisema. Kwetu, roho ya mtoto huitwa na mzazi, jioni, penye maji, kwa nguo yake. Na ikishaitwa, usigeuke nyuma.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Nilda akaipunga sweta juu ya maji.

"Yovana, njoo. Twende nyumbani."

Maji hayakutikisika.

"Mwite kwa mapenzi, dada," nikanong'ona. "Unaita kama unaita mbwa."

"Nyamaza wewe!" Akapiga magoti matopeni. "Njoo, kipenzi changu... tafadhali."

Chwa... chwa... Nyayo ndogo, zilizolowa, zikatoka majini.

"Twende," Nilda akasema, akiikumbatia sweta.

Tukapanda njia. Nyayo zikatufuata. Kisha nikasikia nyingine. Nzito, za kuburuta. Na harufu... moshi na majani ya koka, yale ya kutafuna. Harufu ya shali ya mama.

"Dada, wako wawili."

"Najua. Usigeuke."

Tulipofungua mlango, Yovana alikuwa ameketi kitandani. Uso ukamkunjamana, akaangua kilio cha mtoto aliyepotea sokoni. Nilda akafungua mikono.

Yovana akampita.

Akakimbilia mlangoni, akakumbatia hewa. Kichwa chake kikalala, kana kwamba pana bega.

Nilitaka kupiga kelele. Nilda akanizuia. Akajikokota hadi kizingitini, akakaa kando ya mwanawe bila kumgusa.

"Mama," akaliambia giza, "usimchukue. Nionyeshe anavyobembelezwa."

Kisha nikauona mkono wa Nilda ukiinuka, kama umeshikwa. Ukawekwa mgongoni mwa mtoto. Ukaanza kumpigapiga, polepole...

Yovana akasinzia papo hapo.

Siku hizi anacheka, anadeka, analia mamake akichelewa. Lakini dada humbembeleza kwa mkono ule mmoja tu. Nimewahi kuugusa, mchana wa jua kali.

Ulikuwa baridi kama udongo wa kaburini.