Nyoosha Arudi Chumba cha Pasi

Katika nyumba ya Nyoosha, chai ilichemshwa kwa jirani. Kila asubuhi mumewe alibeba birika, akavuka uchochoro na kungoja maji yachemke jikoni kwa watu. Kisha alirudi nalo limefunikwa taulo, akinyata utadhani ameliiba. Vijiko alivifunga vitambaa visigongane. Bawaba za milango alizitia mafuta zisilie. Yeye ni fundi redio, mtu anayeishi kwa kelele, lakini alikuwa ameinyamazisha nyumba nzima kwa ajili ya mkewe.

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufua nguo. Walifua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Wenzake ndio waliompa jina la Nyoosha. Shuka likipita mikononi mwake lilinyooka, na mtu akimletea mdomo alinyooshwa vilevile. Hakuwa mtu wa kuogopa ovyo.

Sasa aliogopa birika.

Mambo yalianza siku mpira wa mvuke ulipopasuka katika chumba cha pasi. Mpira huo ndio ulioleta mvuke kwenye pasi kubwa. Wafanyakazi walikuwa wamesema umechakaa. Msimamizi akauzungushia utepe wa kuziba nyufa, kazi ikaendelea. Siku hiyo ulipasuka kwa mlio mkali na mvuke ukajaa chumba kizima. Nyoosha aliungua mkono. Shoga yake, waliyesimama naye kwenye pasi moja, aliungua shingo na kifua. Alilazwa hospitali, kisha akapelekwa kwa wazazi wake kuuguzwa.

Mkono wa Nyoosha ulipona. Lakini kila aliposikia maji yakichemka, mwili wake ulirudi chumba kile. Moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, na miguu ikamtoa nje kabla hajaamua kutoka. Usingizi ulimpaa. Aliwafokea watu wasio na kosa. Na wazo moja lilimkaa rohoni na halikutaka kutoka: nilikimbia, nikamwacha mwenzangu. Kwa sababu ya wazo hilo hakuwahi kwenda kumtazama shoga yake.

Mama mkwe alikuwa na dawa yake, tofauti kabisa na ya mwanawe.

"Lazima ulitoe lote," alisema. "Mgeni akija, msimulie. Anzia pale mpira uliposema paa!"

Nyoosha akisita, mama mkwe alisimulia mwenyewe, tena kwa chumvi nyingi.

"Mvuke ukatoka, jamani! Mwanangu huyu akachomoka mbio mpaka nje!"

Hapo ndipo masimulizi yalipoishia kila mara. Wageni walitikisa vichwa, wakanywa ile chai ya kwa jirani, wakaenda zao. Nyoosha alibaki kukesha.

Siku moja yakamfika shingoni.

"Mama, leo sitaki."

"Hutaki kupona?"

"Nataka kupona. Sitaki kusimulia."

"Ni kitu kimoja hicho, mwanangu."

"Si kitu kimoja!" Nyoosha alipiga meza kwa kiganja.

Mumewe alichungulia mlangoni. "Jamani, sauti. Mnajua hali yake."

"Na wewe!" Nyoosha alimgeukia. "Umenifanya yai. Mama ananipasua, wewe unanifunga pamba. Nani aliniuliza mimi nataka nini?"

Wote wawili walimpenda, na hilo ndilo lililomkera zaidi, maana mtu anayekupenda huwezi kumfukuza. Na miezi ilikuwa inakwisha. Msimamizi alikuwa ametuma salamu: msimu wa wageni ukianza kabla Nyoosha hajarudi, nafasi yake atapewa mwingine. Kazi ile aliipenda. Akiikosa, basi mvuke umemshinda, na Nyoosha hakuwa tayari kushindwa na mvuke.

Muuguzi aliyemtibu mkono alimshauri aende kwa mnasihi pale zahanati.

"Mimi si kichaa," alisema Nyoosha.

"Nani kasema? Mkono ulipoungua ulikuja kwangu. Sasa kilichoumia ni kingine, na kina fundi wake."

Nyoosha alikwenda, lakini alikwenda na kisirani chake. Njia nzima alipanga maneno ya kukataa.

Mnasihi alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa kandambili zilizolika kisigino. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina viti vitatu na ndoo ya maji kwenye pembe.

"Karibu, dada. Kaa popote unapopenda."

Nyoosha alichagua kiti cha karibu na mlango. "Na mlango uwe wazi kidogo."

"Sawa. Nje hakuna mtu, nimehakikisha. Ya hapa hayatoki, isipokuwa nikiona maisha ya mtu yako hatarini. Na hata hapo nitakuambia wewe kwanza."

"Nikuambie mapema. Mimi sisimulii."

"Sijakuomba usimulie."

Nyoosha alikuja na ugomvi wake tayari, na hakuna wa kugombana naye.

"Basi unifafanulie wewe," alisema mwishowe. "Kwa nini mtu mzima mimi nakimbia birika?"

"Akili ya binadamu ina kengele," alijibu mnasihi. "Hatari ikija, inalia. Mwili unakimbia, au unapigana, au unaganda. Hivyo ndivyo ulivyookoka. Lakini baada ya jambo la kutisha sana, kengele inaweza kukwama. Inalia hata pasipo hatari. Mlio tu unaofanana unatosha. Hali hiyo huitwa kiwewe. Si wazimu, si uzembe, wala si upungufu wa imani."

"Inapona?"

"Wengi wanapona. Si kwa siku moja. Na wewe ndiye utakayeamua mwendo. Ukitaka kusimama, inua mkono tu. Sitakuuliza kwa nini."

Siku ile hawakugusa habari za kiwandani. Mnasihi alimfundisha namna ya kujirudisha pale kengele inapolia. Akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili. Atoe pumzi taratibu, ndefu kuliko aliyovuta. Kisha ataje anavyoviona, ili akili ijue kwamba yuko hapa, leo.

"Kalenda," Nyoosha alitaja. "Ndoo. Kandambili zako mbovu."

Mnasihi alicheka sana. "Zitukane tu, mradi uko hapa na mimi."

Kwa idhini ya Nyoosha, baadaye mumewe na mama mkwe waliitwa.

"Baba," mnasihi alimwambia mume, "kila unapolificha birika, ile kengele inasadiki kwamba birika ni hatari kweli. Hofu inazidi kunenepa."

"Mimi nilikuwa namhurumia tu."

"Najua. Sasa muulize anataka nini, kisha umsikilize. Na mama, kumlazimisha mtu asimulie kabla hajawa tayari ni kumtonesha kidonda mbele ya wageni."

Mama mkwe alijiinua kitini. "Kwa hiyo mbaya ni mimi?"

"Hapana, mama. Kuzungumza kunasaidia, hapo ulikuwa sahihi. Ila achague yeye siku, mahali na mtu wa kumwambia."

Mama mkwe alinuna njia nzima ya kurudi. Lakini wageni wa kesho yake walipoomba kusikia habari, aliwakata kauli. "Kunyweni chai," aliwaambia.

Kazi yenyewe ilianza hapo, nayo haikuwa lelemama. Kwanza birika lilirudi jikoni, tupu. Kisha lilitiwa maji ya baridi. Kisha Nyoosha alisimama uani mumewe akichemsha maji, akasogea mlangoni, akaingia. Siku moja maji yalichemka ghafla. Nyoosha alilinyakua birika kwa mpini, akalitupa uani. Alikwenda kwa mnasihi akiwa na aibu.

"Nimeharibu kila kitu."

"Umelipa birika kibonyeo," alisema mnasihi. "Wiki hii turudi hatua moja nyuma. Kurudi nyuma kidogo ni sehemu ya matibabu."

Pale kwa mnasihi, Nyoosha alianza kusimulia kwa hiari yake, kipande kwa kipande. Mara nyingine aliinua mkono baada ya sentensi moja, na mnasihi akanyamaza. Siku alipofika kwenye kukimbia, alikazia macho sakafu.

"Nilikimbia. Nikamwacha."

"Ulikimbilia wapi?"

"Nje."

"Nje kuna nini?"

"Kuna ukuta. Kuna koki ya kufungia mvuke." Alikitazama kiganja chake. "Niliizungusha. Ilikuwa ya moto, ndiyo iliyoniunguza kiganja."

"Na ulipoifunga?"

"Mvuke ulikatika. Watu wakaingia wakamtoa."

Hakuwa amelisahau jambo hilo. Alilijua siku zote. Ila kila aliposimulia, au aliposimuliwa, habari iliishia mlangoni, na yeye akabaki mtu aliyekimbia. Nyoosha alilia kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na hakujali nani anapita. Kisha alikasirika. Ilikuwa hasira nzuri, ya mtu aliyeibiwa kitu chake na sasa amekiona.

Waliendelea hivyo kwa miezi kadhaa. Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Alikwenda kusimama kwenye lango la kiwanda na mfanyakazi mwenzake. Siku nyingine aliingia chumba cha pasi wakati pasi zimezimwa. Msimu wa wageni ulipokaribia, alivaa aproni yake, akaenda kazini.

Msimamizi alimpokea kwa haraka. "Umepona? Vizuri. Mashuka yamejaa. Washa."

Moyo ulianza kumwenda mbio. Nyoosha alikanyaga sakafu, akatoa pumzi taratibu, akaanza kutaja moyoni. Mashuka. Dirisha. Mpira wa mvuke. Macho yake yakakwama hapo. Ulikuwa mpira mwingine, lakini umechakaa kama ule wa kwanza, nao umezungushiwa utepe.

Akajiuliza swali ambalo mnasihi alimzoeza kujiuliza: kengele hii ni ya siku ile, au ni ya leo? Ilikuwa ya leo.

"Siwashi," alisema.

Msimamizi alishusha pumzi. "Nilijua tu. Kichwa chako bado hakijatulia. Rudi nyumbani ukapumzike."

"Kichwa changu kizima. Mgonjwa ni mpira wako."

Mtu mmoja alicheka kwa kificho. Uso wa msimamizi ulibadilika.

"Wewe ndiye uliyekimbia siku ile," alisema. "Usije kutufundisha kazi hapa."

Neno lile lilimchoma, lakini halikumwangusha. Miezi michache nyuma lingemtoa mbio hadi barabarani.

"Nilikimbia, ndiyo," alisema Nyoosha. "Nilikimbia kwenda kufunga koki. Ndiyo maana mwenzetu yuko hai. Wewe ulifika mvuke umeshatulia. Nilikwenda kutibiwa ili nisiogope birika. Sikwenda kufundishwa kuzoea hatari. Mpira huu ubadilishwe, au upige pasi mwenyewe."

Mwanamke wa pasi ya pili alizima pasi yake. Wa tatu akazima. Hakuna aliyepaza sauti. Walikunja mikono tu, wakamtazama msimamizi, na mashuka ya nyumba za wageni yakaendelea kungoja na makunyanzi yake.

Fundi aliitwa siku hiyohiyo. Mipira yote ilibadilishwa, na koki nyingine ikawekwa ndani, karibu na pasi. Nyoosha aliwasha. Mvuke ulipotoka, mabega yake yalipanda, naye akayashusha kwa pumzi ndefu. Alipiga pasi shuka la kwanza, la pili, hadi zamu ikaisha.

Siku yake ya mapumziko alikwenda kwa wazazi wa shoga yake. Alimkuta amekaa chumbani, mtandio umefika kidevuni, madirisha yamefungwa.

"Nilidhani hutakuja kamwe," alisema shoga yake.

"Niliogopa kukuona. Nilijua utaniambia nilikutupa."

"Ulinitupa wapi, wewe? Mvuke ulikatika. Nilijua ni wewe umeukata."

Walishikana mikono, yenye makovu na isiyo na makovu, wakalia hadi wakachoka. Kisha Nyoosha alijifuta uso.

"Unalala?"

"Silali. Hata bomba likivuja nakimbia."

"Kuna mtu nataka tukamwone. Utakaa karibu na mlango, na hakuna atakayekulazimisha kusema."

Shoga yake aligusa shingo. "Nipite barabarani na shingo hii? Watu watasema nini?"

"Watasema. Midomo ni yao," alijibu Nyoosha, akifungua dirisha. "Vaa viatu, twende."