Nguzo Katika Taya la Lusenge

Ilikuwa katika miaka ya vita. Kila jioni, mtaani Mususa, mjini Butembo, mama Kahongya alitwanga maharagwe na mahindi yaliyokwisha kuiva. Yeye alikuwa na meno yote. Alimtwangia mumewe Lusenge, fundi wa kujenga nyumba, baba wa binti yao Tamar. Askari walikuwa wamempiga Lusenge kinywani kwa kitako cha bunduki, akabaki bila jino hata moja la juu. Kahongya naye alikula chakula kile kile cha kupondwa, ili mumewe asile peke yake.

Lusenge alivaa meno ya bandia, lakini yaliteleza. Siku moja, nyumbani kwa shemeji yake Kasika, yalianguka ndani ya sahani ya nyama.

“Shemeji,” Kasika akasema, “meno yako imekutangulia kwa nyama!”

Watu wakacheka. Tangu siku ile Lusenge hakula tena mbele ya wageni.

Ndipo wakasikia habari za Daktari Melchior wa Beni. Huyu alijua kupanda vijiti vidogo vya chuma ndani ya mfupa wa taya, kisha kuyashikiza meno ya bandia juu yake. Lusenge akapanda lori, akavuka vizuizi vya askari, akafika salama.

“Docteur, uniwekee mbili tu, hapa mbele,” alisema. “Kesho nirudi kwa bibi, nikule mahindi.”

Daktari aliinua picha ya taya kwenye mwanga wa dirisha.

“Angalia, Papa Lusenge. Mfupa yako iko laini, na imepunguka, sababu meno ilitoka zamani. Wewe uko fundi. Ukijenga pa potopoto, kwenye matope, unasimika nguzo mbili?”

“Hapana! Mutu gani atalala mule? Nasimika nyingi, mbali-mbali. Naziunganisha na muti juu.”

“Na mabati, unapandisha siku ile ile?”

“Hapana. Naacha udongo ishike kwanza.”

“Basi, umejijibu.”

Daktari akamweleza kwa utaratibu. Mfupa mgumu huubeba vema mzigo wa kutafuna. Mfupa laini hubonyea. Uzito hukusanyika shingoni mwa kijiti, mfupa humong’onyoka, na kijiti hulegea. Kwa hiyo alimpandia vijiti vinne, vilivyoachana. Akamwamuru kungoja miezi sita, kula vyakula laini, kusafisha kinywa, kuacha kiko cha tumbako, na kutoyavaa meno ya zamani mpaka atakaporuhusiwa. Aliporudi nyumbani, Lusenge alimsimulia mkewe yote, hata habari ya nguzo na mabati.

Kabla ya miezi hiyo kutimia, Kasika alichinja mbuzi wa mahari ya binti yake.

“Shemeji, basi docteur alikupandia hewa?” akauliza mbele ya wageni. “Kamata nyama!”

Lusenge aliona haya. Hakuwa na maumivu yoyote. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa meno yake ya zamani. Kahongya akamwinamia sikioni.

“Papa Tamar, nguzo ya juzi, unaipandisha mabati?”

Mkono ukasimama. Meno yakarudi mfukoni.

“Shemeji,” Lusenge akasema, “uniletee mchuzi. Nyama utaniwekea deni.”

Safari hii watu walicheka pamoja naye.

Miezi ilipotimia, Lusenge alirudi Beni, na daktari akapiga picha nyingine. Mfupa ulikuwa umevishika vijiti vyote vinne. Akaviunganisha kwa upau wa chuma, mzigo upate kugawanyika, akayashikiza meno mapya juu yake. Akamwagiza aanze polepole, na atafune pande zote mbili.

Jioni ile, Lusenge alipofika nyumbani, Kahongya aliinama kuchukua kinu.

“Kiache, Mama Tamar,” Lusenge akasema.

Aliomba, akamshukuru Mungu, kisha akatia kinywani punje nzima za mahindi. Akatafuna taratibu. Meno hayakutikisika. Machozi yakamlenga.

“Docteur nimemushukuru kule Beni,” alisema. “Lakini wewe, ulikuwa na meno yote, ukakula ya kupondwa miaka yote hii. Wasingya, mama. Asante sana.”

Kahongya alijipakulia mahindi mazima, akaketi kando yake.

“Mimi pia,” akasema, “nilikuwa nangoja udongo ishike.”