Kigingi Namba Kumi na Nne

Kila asubuhi Restuta alianza na uji. Akishauivisha aliumimina kwenye bakuli la bluu lenye mfuniko, akalifunga kwa kitambaa na kuteremka nalo kwa mama mkwe wake, Benadetha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetia sukari au umenionesha tu?"

"Nimetia, Mama."

"Haya, tutaona."

Benadetha alikuwa mzee wa maneno. Miguu yake ilikuwa imechoka, lakini ulimi wake haukuwa umechoka hata kidogo. Hakutaka kuchotewa maji na mtu. Ndiyo maana mwanawe Leonadi, mume wa Restuta, alimjengea nyumba ndogo karibu na mto, ili ateremke hatua chache na ndoo yake.

Walimjengea kwa mapenzi. Tukumbuke hilo kabla ya kuwahukumu.

Kitongoji chao kinaitwa Mikuyuni, upande wa Pande, wilayani Kilwa. Kilipata jina kwa mikuyu mikubwa iliyosimama kando ya mto. Leonadi na mkewe walihamia hapo kutoka Newala miaka kumi na miwili iliyopita, wakitafuta shamba. Walilima ufuta na muhogo. Majirani zao wengi walikuwa Waislamu, wao Wakristo, na waliishi vizuri. Sikukuu za huku walipeleka sahani kule, na za kule zilileta sahani huku.

Mwaka mmoja kabla ya msiba, kijiji kilipanga matumizi ya ardhi yake. Kamati ilichaguliwa, na mwenyekiti wake alikuwa jirani yao, Yasini. Ilipita kitongoji kwa kitongoji ikipigilia vigingi vyekundu. Kigingi namba kumi na nne kiliangukia kwenye shamba la Leonadi, pembeni ya kichuguu.

"Kutoka hapa kwenda chini mtoni ni mita sitini," Yasini alisema. "Hapo hakuna nyumba wala shamba. Nyumba ni kule juu, mashamba ni huku kati. Mita sitini hizi tunaziacha."

"Tunamwachia nani?" Leonadi aliuliza.

"Tunauachia mto."

"Kwani mto umeomba shamba?"

Watu walicheka. Yasini naye alicheka, na hapo ndipo alipokosea. Hakueleza mto unahitaji nafasi hiyo kwa nini. Pengine hata yeye hakujua vizuri. Alipigilia kigingi akaondoka.

Leonadi hakulala vizuri wiki nzima. Alikuwa amesikia habari za vijiji vingine. Wanaanza na vigingi, watu walisema, halafu anakuja mwekezaji. Na kila mtu wa pwani hii anajua kwamba ardhi yenye mkorosho ina mwenyewe. Ukipanda mkorosho, hata kama ni mche wa juzi, umeweka jina lako. Basi Leonadi akaamua kupanda mikorosho.

"Baba Grace, na kigingi?" Restuta aliuliza.

"Kigingi ni kipande cha mti. Kinang'oka."

Walisubiri Ijumaa. Saa saba mchana wanaume wa Mikuyuni walikuwa msikitini na njia zilikuwa tupu. Leonadi alichimbua kigingi kwa jembe. Restuta alikibeba begani na kuteremka nacho kuelekea mtoni, akihesabu hatua. Alihesabu arobaini.

"Hapa panatosha," alisema yeye mwenyewe.

Leonadi alikipigilia hapo. Kisha Restuta akarudi kwenye shimo la zamani, akalifukia kwa mguu na kutupia majani makavu juu yake. Alikuwa akicheka kidogo, kwa woga na kwa furaha.

Mwezi uliofuata Leonadi alikata mikuyu mitatu ili kupata nafasi. Akapanda miche arobaini ya mikorosho. Na karibu na kigingi, mahali palipokuwa ndani ya mita sitini, akajenga nyumba ya mama yake.

Hakuna aliyeuliza. Lakini jirani wa namba kumi na tatu aliona. Baada ya siku chache kigingi chake nacho kikateremka. Kisha kumi na tano, kisha kumi na sita. Kufikia Krismasi vigingi vya Mikuyuni vilikuwa vimeota miguu vyote, mikuyu imekwisha, na nyumba nyingine zimeteremkia mtoni. Kamati haikupita kukagua hata mara moja.

Masika yalipoingia, mvua ilikuwa ya kawaida. Siku moja ya Jumanne, mwezi wa nne, Restuta alipeleka uji kama kawaida. Jua lilikuwa linawaka. Mvua haikuwa imenyesha Mikuyuni kwa siku tatu.

Benadetha alikuwa mlangoni akitazama mto.

"Maji leo yana rangi ya chai ya maziwa," alisema.

"Yatatulia, Mama. Mvua yenyewe haipo."

"Nakwambia tu nilichokiona."

"Kunywa uji usipoe."

Restuta akaenda kupalilia ufuta. Saa tano alisikia ngurumo kama lori lililobeba mawe. Akainua kichwa. Angani hapakuwa na wingu. Alisimama akisikiliza, akijiuliza ni lori gani linapita shambani. Halafu akaelewa, akatupa jembe na kukimbia.

Alipofika kwenye kichuguu, nyumba haikuwapo. Maji mekundu yalikuwa yanapita yakibeba magogo, mabati na mbuzi wa watu. Alimwita Benadetha kwa jina lake, jambo ambalo mkwe hafanyi. Akaita mpaka sauti ikakauka.

Walimpata siku ya tatu, chini kabisa, kwenye mikoko.

Siku ile nyumba nyingine saba zilikwenda, ila wenyewe walikuwa mashambani. Aliyekuwa nyumbani ni yule asiyeweza kukimbia.

Baada ya mazishi Leonadi aliacha kusema. Alikula akipewa, alilala, aliamka. Restuta naye aliendelea kupika uji, na kila asubuhi ulizidi bakuli moja. Aliutazama mpaka unapoa, kisha akaumwaga nyuma ya nyumba ili binti yao Grace asimwone. Alitamani mtu ampige, amtukane, amwambie ni wewe. Badala yake watu walimpa pole, na kila pole ilimchoma.

Mwezi wa sita alikuja Rehani, mtaalamu wa mipango ya ardhi kutoka wilayani. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu vyenye vumbi. Alikutana na watu kwenye uwanja wa shule.

"Bwana mtaalamu," mzee mmoja aliuliza, "huku mvua haikunyesha. Maji yalitoka wapi?"

Rehani aliomba gunia tupu. Akalikunjakunja juu ya tofali mpaka likawa na vilima na mabonde. Kisha akamimina kikombe cha maji kwenye kilele. Maji yaliteremka kwenye mikunjo, yakakutana, yakatokea chini na kulowesha miguu ya yule mzee.

"Mvua imenyesha wapi, mzee?"

"Hapo juu."

"Na nani amelowa?"

"Mimi hapa."

"Basi ndivyo ilivyokuwa. Eneo lote linaloteremsha maji yake kwenye mto mmoja linaitwa dakio la maji. Ninyi mko mwisho wake. Huko milimani wamefyeka miteremko na kuichoma moto. Maji hayazami tena ardhini, yanakimbia. Yakifika kwenu yanatafuta nafasi ya kutawanyika. Zile mita sitini ndiyo nafasi yenyewe. Mizizi ya mikuyu inashika ukingo usimomonyoke. Majani na matete yanapunguza mwendo wa maji. Hiyo ardhi haikuachwa bure. Ilikuwa inafanya kazi."

"Mbona hatukuambiwa hivi mwanzo?" mama mmoja aliuliza.

Rehani alimtazama Yasini. Yasini alitazama chini.

"Mlipaswa kuambiwa," Rehani alisema. "Na mkutano wenu una haki ya kuuliza mpaka uelewe. Ardhi hii inabaki ya kijiji. Mpango hauingizi mwekezaji. Unawasaidia kumkatalia, kwa sababu kila eneo lina kazi yake iliyoandikwa."

Leonadi aliinamisha kichwa mpaka magotini.

"Kesho," Rehani aliendelea, "nitapita kigingi kwa kigingi na kifaa changu cha kupimia. Vile vya mwanzo hamkuvichorea ramani, sasa tutavichora. Mkutano mkuu wa kijiji ukiipitisha ramani, waliopoteza nyumba watajua wajenge wapi."

Mto ulikuwa umeacha vigingi vichache vimesimama, na namba kumi na nne ilikuwa mojawapo. Restuta alielewa maana yake. Ramani ingechorwa kwa kigingi cha uongo. Watu wangejenga hapohapo tena, kwa ruhusa na kwa muhuri.

Jioni alimwambia mumewe.

"Lazima tuseme."

Leonadi alijibu, na hayo yalikuwa maneno yake marefu ya kwanza tangu mazishi. "Ukisema, umewaambia watu kwamba nimemuua mama yangu."

"Hatua nilihesabu mimi, Baba Grace."

"Basi kaa kimya na hatua zako."

"Na Grace akijenga pale siku moja? Na mtoto wake?"

Leonadi alitoka nje akakaa gizani. Hakurudi kula.

Asubuhi watu walifuatana na Rehani. Walipofika kwenye namba kumi na nne, alikitazama kigingi, akatazama mto, akakunja uso.

"Hapa ni karibu mno," alisema. "Ninyi mlipima kweli?"

Restuta alitoka kwenye kundi la wanawake. Akasimama penye kigingi, akaupa mto mgongo, akaanza kupanda akihesabu kwa sauti. Watu walidhani msiba umemvuruga. Alipofika arobaini alikuwa pembeni ya kichuguu. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono mpaka shimo la zamani likaonekana.

"Kigingi kilikuwa hapa," alisema. "Nilikihamisha mimi."

Halafu Leonadi akasogea mbele.

"Aliyechimba ni mimi," alisema. "Aliyejenga ile nyumba ni mimi. Yeye alibeba tu." Kisha akalia mbele ya watu wote, mtu mzima, bila kujificha uso.

Yasini alimshika bega. "Mimi nilikiona siku ya pili yake," alisema taratibu. "Nilinyamaza kwa sababu ndugu yangu naye alitaka kusogeza cha kwake. Mwenyekiti wa kamati. Mnaniona hapa."

Walipima upya. Safari hii Rehani aliwaonesha kwamba mita sitini huanzia kwenye ukingo wa mto, si pale maji yanapoishia wakati wa kiangazi. Penye kona ya mto, alama za tope kwenye miti zilionesha kwamba mafuriko yalivuka hata mita hizo. Hapo wanakijiji wenyewe walikubaliana kuacha mia moja. Familia saba zilipewa viwanja kule juu, eneo la makazi. Mkutano mkuu ulipitisha ramani na sheria ndogo za kijiji za kuilinda. Kamati ikapangiwa kukagua vigingi kila mwezi, watu wawiliwawili, tena wasiwe ndugu. Viongozi wakaenda kuzungumza na vijiji vya juu. Waliafikiana miteremko isichomwe tena moto, na wakapeana namba za simu.

Mikorosho ya Leonadi iliyosalia ilikuwa tisa. Aliing'oa yote kwa mikono yake. Kisha akakata matawi ya mkuyu kutoka kitongoji cha pili, marefu kama yeye, akayachomeka kando ya mto. Restuta alimsaidia kumwagilia. Walifanya kazi hiyo kiangazi kizima na hawakuzungumza sana.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja yenye jua, simu ya Yasini iliita. Alikuwa Gregori, kutoka kijiji cha juu.

"Maji yanakuja. Mna kama saa mbili. Waondoe watu mtoni."

Yasini alipiga filimbi. Watoto waliitwa, mbuzi wakaswagwa, wazee wakabebwa. Ngurumo ilipofika kila mtu alikuwa juu. Maji yalienea ndani ya eneo lililoachwa. Yalilala juu ya matete, yakatikisa vijiti vya mikuyu vilivyokuwa vimeanza kutoa majani. Yakapanda, yakapanda, na hatua chache kabla ya kigingi yakasimama.

Hakupotea hata kuku. Watu walicheka, wakamshukuru Mungu kila mmoja kwa namna yake. Mama mmoja alipiga kigelegele.

Leonadi na Restuta walisimama penye kichuguu mpaka jioni, maji yalipoanza kushuka. Hawakucheka. Waliona ukingo wa maji ukirudi nyuma polepole, mpaka mahali fulani pa tope palipokuwa na nyumba ndogo ya mama.

Leonadi aliteremka kutoka kwenye kichuguu, akitembea taratibu, midomo ikicheza. Alipofika pale kwenye tope alisimama, akageuka kumtazama mkewe.

"Arobaini," alisema.

"Najua," Restuta akajibu.

Kesho yake asubuhi aliamka, akapika uji, na ulizidi bakuli moja.