Kibali cha Maganga

Msaili hakuwa na kichwa wala mikono. Alikuwa kioo tu, kipana kama mlango wa ghala, na ukisimama mbele yake kinapata joto kidogo, kinaanza kukunusa. Ndiyo, kukunusa! Kinapima pumzi, kinasoma damu bila sindano, kinatazama mifupa yako humo ndani ya nyama kama mtu anayechagua muhogo sokoni, halafu kinaongea na wewe kwa lugha ya kwenu. Kule Mwezini, mgeni yeyote aliyetaka kuongezewa kibali cha kazi alipita hapo. Karani hakuna, wa kumbembeleza hakuna.

Siku hiyo alisimama Chausiku Pazi, fundi wa mabomba ya hewa, Mzaramo wa Kisarawe. Alishamaliza vibali viwili. Hiki cha tatu ndicho chenyewe. Maana kule Mwezini mtu ni mwepesi, anaruka kama kapi la mpunga, na mifupa isipobeba uzito inalegea. Ukimaliza kibali cha tatu, ukirudi duniani hata kusimama huwezi. Basi unabaki huko huko, mpaka mwisho wako. Chausiku alilijua hilo. Lakini nyumba ya mama yake ilikuwa imeishia kwenye linta, haina paa, mdogo wake bado yuko chuoni, na kule nyumbani likitokea lolote wanasema, "Tumsubiri Chausiku." Sasa mtu anayesubiriwa hivyo anarudije?

"Jina?" kioo kiliuliza.

"Chausiku Pazi."

"Kwenu?"

"Kisarawe. Mzaramo."

Hapo kioo kilitakiwa kiulize kuhusu kazi. Badala yake kikasema, "Mzaramo! Ndiyo maana umechelewa. Ngoma imeisha saa ngapi?"

Chausiku akakikodolea macho kile kioo.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za mababu waliokuwa wanakuja pwani kwa miguu na mizigo kichwani. Mtani anakutukana na wewe unacheka. Anakamata kuku wako unamwangalia. Na siku ya msiba, yeye ndiye anayemwigiza marehemu, mwendo wake na sauti yake, mpaka wanaolia wacheke huku wanalia. Sasa nani aliifundisha mashine mambo hayo? Na kule Mwezini Chausiku alikuwa na mtani mmoja tu, Maganga wa Urambo, mchimba barafu, aliyekuwa akicheka anamalizia na kikohozi. Alikuwa anamtania, "Wewe Mnyamwezi huku ni kwenu, kibali unaombea nini?" Kisha shimo la barafu likabomoka, na kampuni ikasema Maganga karudishwa nyumbani. Hakuaga. Chausiku alinuna muda mrefu.

"Maganga?" aliita polepole.

"Jina hilo halimo kwenye orodha ya wafanyakazi," kioo kilijibu. Kisha kikakohoa.

Wafanyakazi wote huko walivaa kofia-sikizi. Inasikia unavyosema, inajifunza unavyofikiri. Na kwenye kibali cha tatu, kama alichokuwa nacho Maganga, kuna kifungu ambacho watu wanakipita haraka haraka: mtu akiondoka, kazi yake haiondoki. Wanachukua yaliyomo kwenye kofia, wanayachemsha kwenye mitambo yao, kinatoka kitu wanachokiita mwangwi. Mwangwi hauli, haulali. Kibali chake kinaongezwa chenyewe.

"Waliniambia umerudi kwenu."

"Niko salama."

"Umekufa, Maganga?"

"Niko salama." Kioo kikapata moto. "Umeona? Kuna neno nikilitafuta, linatoka hilo. Utani tu hawakuufunga. Walidhani ni kelele."

"Na mama yako?"

"Nampigia kila Jumapili. Namwambia niko salama."

Chausiku akaegemeza paji la uso kwenye kile kioo. Kilikuwa na joto kama la mtu.

"Mtani," alisema, "niongezee. Nyumbani wananitegemea."

"Mifupa yako bado mizuri," kioo kilisema. Kisha kikasema kwa ile sauti kavu ya serikali, "Ombi limekataliwa. Mwombaji arudishwe kwa chombo kinachofuata."

"Wee! Maganga! Unanifanyia hivyo?"

"Nimekudhulumu, sivyo? Umekasirika?"

"Nimekasirika!"

"Basi nenda Urambo kwa mama, kadai kuku wako. Chukua jogoo, yule mwekundu. Mkubwa hasa, siyo kifaranga. Nyie Wazaramo mnaogopa hata kuku."

Akacheka, akakohoa. Mtu wa nyuma kwenye foleni akaitwa jina.

Duniani Chausiku alitembea na fimbo, miguu inatetemeka kama ya ndama. Kabla hajafika Kisarawe akaenda kwanza Urambo. Mama Maganga, Bi Nyamizi, alikuwa anapepeta mahindi uani. Alipoambiwa mgeni ni Mzaramo, akapiga kigelegele. "Mwanangu ananisimulia habari zako! Tena huko hawazeeki, kila Jumapili namwona, sura ile ile."

Njia nzima Chausiku alipanga maneno, na yote yalikataa. Basi akafanya alichotumwa. Akamkimbiza jogoo mwekundu kwa fimbo, akaanguka, akainuka, akamkamata. Bi Nyamizi akacheka mpaka akashika kiuno.

Halafu Chausiku akaweka fimbo chini, jogoo kwapani. Akatembea kama Maganga, bega moja juu, mguu wa kushoto unaburuta. Akaongea kama Maganga. Akacheka, akamalizia na kikohozi.

Bi Nyamizi naye alikuwa bado anacheka. Kisha kicheko kikapungua. Ungo ukamtoka mkononi, mahindi yakamwagika, kuku wakayajia na hakuna aliyewafukuza. Maana kila mtu kule anajua: mtani hamwigizi hivyo mtu aliye hai.

Akajifunga kanga kiunoni. Akakaa chini.

Walikaa matanga bila kaburi. Majirani walikuja, na Chausiku akamwigiza Maganga mpaka sauti ikamkauka. Hata Jumapili ikafika, watu wamejaa uani, simu ya kioo ikalia ukutani. Sura ile ile.

"Mama, shikamoo. Niko salama. Kibali changu kimeongezwa."

Bi Nyamizi akasogea, akafuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya kanga, pale penye shavu.

"Marahaba, baba. Mtani wako alikuja. Kachukua jogoo."

Ile sura ikatulia, kama inatafuta neno.

"Yule mwekundu?"

"Yule mwekundu. Na tumekulilia vizuri."

Kikasikika kikohozi, bila kicheko.

"Niko salama, mama," Maganga alisema. "Nitapiga tena Jumapili."